Spicer-Simson: Mwanamaji Aliyevusha Mashua Juu ya Milima

Askari aliyepata kushika zamu ya jioni katika mwalo wa Rumonge anaijua vema sura ya mahali pale. Nyuma yake mashamba ya michikichi yanapanda taratibu hata kukutana na milima ya upande wa Bururi, ambayo vilele vyake hupita mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mbele yake limelala Ziwa Tanganyika, na uso wa maji yake uko mita 770 na ushei. Ng'ambo, siku isiyo na ukungu, huonekana mgongo mweusi wa rasi ya Ubwari, na nyuma ya rasi hiyo milima ya Kongo. Wavuvi wa ndagala wanapowasha taa zao, ziwa huonekana kama sinia lililowekwa katikati ya kuta mbili. Hapo ndipo mtu huanza kujiuliza jinsi kitu kizito kinavyoweza kuingia au kutoka katika sinia hilo.

Nchini Uswisi mahali penye sura kama hiyo pasingekaa bila reli. Mwaka 1871, mwaka ule ule ambao Livingstone na Stanley walipita kwa mtumbwi mbele ya pwani hii wakienda kuutazama mdomo wa mto Ruzizi, Waswisi walifungua reli ya meno kutoka Vitznau kuupanda mlima Rigi. Gari la moshi la huko lina gurudumu lenye meno linalouma reli ya katikati, ili lisiteleze kurudi nyuma. Baadaye zikaja reli za kamba, ambazo mabehewa yake mawili hufungwa katika ncha mbili za kamba moja ya waya inayopita juu ya gurudumu kubwa kileleni. Behewa linaloshuka kwa uzito wake humsaidia mwenziwe kupanda. Na baada ya hizo yakaja magari yanayoning'inia hewani kwa waya, yakiwapeleka watu na maziwa na barua hadi katika vijiji ambavyo zamani vilifikiwa na mbuzi tu.

Afrika ya Mashariki nayo ilionja elimu hiyo mapema. Kabla ya vita ya 1914 Wajerumani walitandika waya katika milima ya Usambara, kutoka Mkumbara hadi misitu ya Shume, ili kushushia magogo ya mierezi mpaka kwenye reli ya Tanga. Waingereza nao, walipokuwa wakijenga reli ya Uganda, walishusha mabehewa na vyuma kwa kamba katika ukingo wa Bonde la Ufa upande wa Kikuyu, mpaka njia ya kudumu ilipokamilika. Lakini mzigo wa ajabu zaidi uliopata kuvushwa kwa kamba juu ya milima ya upande wetu huu wa Afrika ulikuwa mashua mbili za kivita. Mashua hizo ndizo zilizobadili bendera katika pwani yote ya Ziwa Tanganyika, Rumonge ikiwemo. Mtu aliyezivusha aliitwa Geoffrey Basil Spicer-Simson.

Alizaliwa tarehe 15 Januari, 1876, mjini Hobart katika kisiwa cha Tasmania. Wazazi wake walihamia Ufaransa angali mdogo, kisha akapelekwa kusoma Uingereza, na alipotimu miaka 14 akaingia chuo cha wanamaji. Ndugu yake, Theodore, alichagua uchongaji na akajulikana kwa medali alizochonga. Geoffrey alichagua bahari, lakini bahari haikumpendelea. Katika zoezi moja alitaka kuzinasa nyambizi kwa kamba iliyofungwa baina ya manowari mbili, akakaribia kuizamisha nyambizi ya jeshi lake mwenyewe. Wakubwa zake waliona heri wampe kazi ya kupima maji katika nchi za mbali. Akapima mto Yangtze huko China, kisha mto Gambia katika Afrika ya Magharibi, na wenzake wakimpita kwa vyeo mmoja baada ya mwingine.

Vita ilipoanza alipewa kundi la vyombo vidogo kulinda pwani ya Kent. Tarehe 11 Novemba, 1914, nyambizi ya Kijerumani iliizamisha manowari Niger iliyokuwa chini ya ulinzi wake, mchana kweupe, naye wakati huo alikuwa nchi kavu pamoja na mkewe na marafiki. Akaondolewa baharini na kuwekwa nyuma ya meza katika ofisi ya Makao Makuu ya Wanamaji mjini London. Alikuwa na umri wa miaka 38, cheo chake luteni kamanda, na hakuna aliyetazamia kwamba angepanda tena. Hodari wa kusimulia mambo yake mwenyewe alikuwa kweli kweli, na waliomsikiliza walijifunza kupunguza nusu ya kila alichosema.

Wakati huo katika Ziwa Tanganyika Wajerumani walikuwa mabwana wa maji. Meli yao Hedwig von Wissmann ilikuwa ziwani tangu mwaka 1900. Mwezi Agosti 1914 ilivuka hadi Lukuga, mji ambao leo ni Kalemie, ikaiharibu kwa mizinga meli ya Wabelgiji iliyoitwa Alexandre Delcommune. Baadaye iliungana nayo Kingani, meli ndogo zaidi. Mnamo Februari 1915 ikateremshwa majini pale Kigoma meli kubwa kupita zote, Graf von Götzen, yenye urefu wa mita 70 hivi, ambayo ilikuja kutoka Ujerumani vipande vipande ndani ya masanduku na kuletwa kwa reli kutoka Dar es Salaam. Tangu Usumbura, yaani Bujumbura ya leo, kupita Rumonge na Nyanza hadi Bismarckburg kusini, Wajerumani waliweza kuhamisha askari na vyakula kwa usiku mmoja au wawili. Wabelgiji ng'ambo hawakuweza kuvuka, kwa kuwa jeshi lisilo na chombo mbele ya ziwa lenye urefu wa kilomita 670 hufanana na mtu aliyefungwa mikono.

Aliyebuni dawa ya jambo hilo hakuwa Spicer-Simson. Alikuwa mwindaji wa tembo, John Lee, aliyeijua Afrika ya kati kwa miguu yake. Lee alifika London mwezi Aprili 1915 akamweleza Amiri Henry Jackson wa Makao Makuu ya Wanamaji kwamba mashua ndogo zenye mwendo mkali zingeweza kupelekwa kwa reli kutoka Cape Town hadi Katanga, zivushwe milima ya Mitumba kwa kukokotwa, zishushwe kwa mto Lualaba, kisha zipakiwe tena katika reli ya Wabelgiji hadi ziwani. Amiri alikubali. Alipotafutwa ofisa wa kuongoza, maofisa wenye sifa wote walikuwa baharini vitani. Yule aliyekuwa nyuma ya meza akajitokeza, naye akapewa.

Mashua zenyewe zilikuwa na urefu wa mita 12, zimejengwa na Thornycroft kwa ajili ya kuhudumia ndege za majini. Spicer-Simson aliomba ziitwe Paka na Mbwa. Makao Makuu yakakataa, yakiona kwamba majina hayo ni dhihaka kwa jeshi. Akarudi na majina mengine, Mimi na Toutou, yakapitishwa bila swali. Waliojua Kifaransa cha mitaani cha Paris walicheka, kwa maana hayo ni majina ya kitoto ya paka na mbwa vile vile. Kila moja iliwekewa mzinga mdogo mbele na bunduki ya Maxim nyuma. Katika jaribio la kwanza kwenye mto Thames mzinga mmoja haukuwa umefungwa barabara. Ulipopigwa, ukaruka mtoni pamoja na mpigaji wake.

Watu 28 waliondoka Uingereza tarehe 15 Juni, 1915. Kutoka Cape Town safari ya reli ilipita Bulawayo na Livingstone hadi Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, na tarehe 5 Agosti wakafika Fungurume, mahali ambapo reli ilikoma katikati ya pori. Kabla ya hapo Lee alikuwa amekwisha kuondolewa katika kikosi kwa tuhuma za ulevi na maneno mengi, tuhuma ambazo wanahistoria wengine wanazitilia shaka. Alikuwa ametangulia kuchagua njia na kusimamia ufyekaji wake. Mtu aliyeubeba mpango huo kichwani tangu mwanzo hakupata kuziona mashua zikipanda.

Kutoka Fungurume hadi kituo cha Sankisia, ambako kipande kingine cha reli kilianzia, palikuwa na zaidi ya kilomita 200. Baina yake imesimama Mitumba ya Katanga, mbali kusini ya ile milima aionayo mtu wa Rumonge, na njia ilibidi ipande hadi kimo cha zaidi ya mita 1,800 kabla ya kuanza kushuka. Miti ilikatwa na visiki vikang'olewa. Mito ya msimu na makorongo yakawekewa madaraja ya magogo, zaidi ya 100 kwa jumla, na mengine yalivunjika mara tu yalipokanyagwa, yakajengwa upya. Kazi hiyo ilifanywa na mamia ya wanavijiji wa Katanga, waliokusanywa kwa amri ya serikali ya kikoloni ya Wabelgiji. Katika masimulizi ya safari hii mtu atakuta majina ya wazungu wote, pamoja na namna kila mmoja alivyopenda kunywa chai yake, bali majina ya wale waliobeba magogo ni shida kuyapata.

Mashua ziliwekwa juu ya matela, zikishikwa na vitanda vya mbao. Wa kuzikokota walikuwa matrekta mawili ya mvuke, mazito, yanayokula kuni na kunywa maji bila kushiba, pamoja na makundi ya maksai. Tarehe 18 Agosti msafara ukaanza. Siku za kwanza mwendo ulihesabika kwa hatua. Trekta lilizama katika udongo laini, likachimbuliwa, likazama tena. Maji yakawa haba, kwani ulikuwa mwisho wa kiangazi, na tumbo la injini halikubali kusubiri. Wanawake wa vijijini wakabeba maji kwa vibuyu na mitungi kutoka mbali ili mashine ziendelee. Wanamaji walipunguziwa maji ya kunywa, na kuoga kukasahauliwa.

Ilipofika miinuko mikali, nguvu ya injini peke yake haikutosha, wala ng'ombe peke yao. Hapo Luteni Arthur Wainwright, aliyekuwa mzoefu wa ng'ombe na magari huko Rhodesia, alionekana kuwa mtu wa maana kupita wote kikosini. Masimulizi ya safari hii yanaeleza kwamba kapi lilifungwa katika mti mkubwa juu ya mwinuko, na kamba ya waya ikapitishwa ndani yake. Ncha moja ilifungwa katika tela lenye mashua. Ncha ya pili ilirudishwa chini na kufungwa nira za maksai. Ng'ombe wakaelekezwa kushuka, na walivyozidi kushuka ndivyo mashua ilivyozidi kupanda. Msomaji atakumbuka yale mabehewa mawili ya Uswisi. Hapakuwa na gurudumu la kiwandani wala kituo chenye saa ukutani, lakini kanuni ilikuwa ile ile, ila badala ya behewa walishuka ng'ombe wakipigiwa kelele katika vumbi.

Kushuka upande wa pili kulikuwa kwa hatari zaidi. Tela lenye tani kadhaa likianza kukimbia haliwezi kusimamishwa kwa mikono. Kamba zilizungushwa katika mashina ya miti na kulegezwa kidogo kidogo, trekta likiwa nyuma kama nanga badala ya kuwa mbele kama farasi. Kamba ikikatika, mashua ingekuwa kuni. Hazikukatika. Tarehe 28 Septemba, baada ya wiki sita, Mimi na Toutou ziliingia Sankisia zikiwa nzima. Hakuna hata mtu mmoja katika wale 28 aliyefia njiani, jambo ambalo kwa vita vya Afrika vya wakati ule, ambavyo malaria iliua wengi kuliko risasi, lilimpa sifa kubwa daktari wao Hother Hanschell.

Kutoka hapo mambo yakawa mepesi kidogo. Reli fupi iliwafikisha Bukama, kisha wakashuka mto Lualaba uliokuwa na maji machache, mashua zikikwama katika mchanga na kukwamuliwa, hadi Kabalo. Reli ya Wabelgiji ikawafikisha Lukuga mwishoni mwa Oktoba. Huko wenyeji Waholoholo walimwona kamanda akitembea kambini katika sketi ya kaki, mikono na kifua vimejaa chale za picha za nyoka na vipepeo, wakampa jina la Bwana Chifunga Tumbo. Yeye alilifurahia.

Bandari ndogo ilijengwa kwa mawe, na siku chache kabla ya Krismasi mashua ziliteremshwa majini. Tarehe 26 Desemba, 1915, Kingani ilikuja kuchungulia kinachoendelea. Spicer-Simson aliiachia ipite, kisha akaifuata kwa nyuma, akijua kwamba mzinga wake ulikuwa mbele tu wala hauwezi kugeuka. Mapigano hayakufika robo saa. Kamanda wa Kingani, Luteni Junge, aliuawa pamoja na baadhi ya watu wake, na meli ikatekwa, ikatengenezwa na kupewa jina la Fifi. Tarehe 9 Februari, 1916, Hedwig von Wissmann ilikuja kuitafuta Kingani isiyorudi. Ikafukuzwa kwa saa kadhaa. Wainwright akiwa ndani ya Mimi aliisumbua hata ikalazimika kugeuka-geuka na kupoteza mwendo, na Fifi, iliyobakiwa na makombora ya kuhesabu, ikaifikia na kuizamisha. London walipopata habari hawakuamini. Mtu wa mezani akapandishwa kuwa kamanda na kupewa nishani ya D.S.O., na Wabelgiji nao wakampa zao.

Siku iliyofuata Götzen yenyewe ilipita mbele ya Lukuga, mwendo wa polepole, ikiwatafuta wenzake. Maofisa walikimbilia vyombo vyao wakingoja amri. Spicer-Simson aliitazama kwa darubini kitambo, kisha akakataa kutoka. Wengi waliokuwapo hawakumsamehe. Mimi sioni kosa kubwa katika siku ile: Götzen ilikuwa na mzinga wa milimita 105 uliotolewa katika manowari Königsberg, na mashua zilikuwa zimechoka. Lililo zito ni lililofuata. Aliondoka ziwani kwa miezi kadhaa kwenda kutafuta chombo kikubwa zaidi huko Léopoldville, akawaacha watu wake bila kazi. Na alipoitwa kusaidia kuizingira Bismarckburg, ambayo leo ni Kasanga, mwezi Juni 1916, aliona mizinga juu ya ngome akajitenga nayo, asipeleke hata mashua moja kupeleleza usiku. Wajerumani wakapanda majahazi yao gizani wakaondoka. Askari wa Rhodesia walipoingia ngomeni wakakuta mizinga ile imechongwa kwa mbao.

Wakati huo huo mzinga mkubwa wa Götzen nao ulikwisha kuondolewa na kupelekwa kwa jeshi la nchi kavu, na mahali pake pakawekwa gogo. Meli aliyoiogopa haikuwa na meno.

Alivunjika moyo, akaugua, na daktari Hanschell akaagiza arudishwe nyumbani. Vita ya ziwa iliendelea bila yeye. Wabelgiji waliingia Usumbura tarehe 6 Juni, 1916, wakashuka kusini katika nchi hii ya pwani, na tarehe 28 Julai wakaingia Kigoma. Wajerumani waliokuwa Kigoma walikuwa wameizamisha Götzen wenyewe siku mbili kabla, baada ya kuzipaka mashine zake grisi nyingi, kwa matumaini ya kurudi. Hawakurudi. Nchi ya Urundi ikawa mikononi mwa Wabelgiji hadi 1962.

Spicer-Simson hakupewa tena chombo cha kuongoza. Alifanya kazi ya upelelezi wa wanamaji ofisini, akahudhuria mkutano wa amani wa Paris mwaka 1919 kwa sababu alikijua Kifaransa vizuri, na kuanzia 1921 hadi 1937 alikuwa Katibu wa ofisi ya kimataifa ya upimaji wa bahari huko Monaco. Ilikuwa kazi ya ramani na vina vya maji, ile ile aliyoanza nayo Yangtze na Gambia, na inasemekana aliifanya vizuri. Mwaka 1935 mwandishi C. S. Forester alitoa riwaya iliyochota kidogo katika habari za ziwa hili, na mwaka 1951 ikawa filamu. Mtu wa sketi ya kaki hamo. Alihamia Kanada, akafa huko katika jimbo la British Columbia tarehe 29 Januari, 1947.

Ama Götzen, iliibuliwa mwaka 1924, na ile grisi ilikuwa imezihifadhi mashine zake. Mwaka 1927 ikaanza tena safari chini ya jina la Liemba, na kwa miaka mingi wazee wa mwambao huu walisafiri nayo, baadhi yao wakilala sitahani juu ya magunia ya dagaa. Njia ya magogo iliyopita Mitumba ilirudiwa na pori.